Darasa la Mgwashi halikuwa la waliofaulu peke yao

Imezuka katika miji ya nchi hii desturi moja njema. Watu waliosoma pamoja shule ya msingi katika miaka ya 1970 na 1980, ambao leo baadhi yao wamekwisha kustaafu na wengine wanahesabu miezi, wanatafutana. Karani wa zamani wa Bandari anamtafuta mwalimu aliyehamishiwa Lindi. Mwalimu anamtafuta muuguzi aliyeko Mwanza. Muuguzi anapata habari za afisa ugani aliyezeekea Dodoma. Wakisha kupatana hukutana, aghlabu Dar es Salaam, katika arusi ya mtoto wa mmoja wao au katika msiba, na mazungumzo yao yote ni juu ya mahali pale padogo walikotoka. Watu wa Mgwashi, kata iliyo juu ya milima ya Usambara katika Halmashauri ya Bumbuli, Wilaya ya Lushoto, nao wamo katika desturi hii.

Aliyepata kukaa jirani na mazungumzo hayo anajua utamu wake. Kwanza cheo huwekwa kando. Mkurugenzi mstaafu akiisha kuamkiwa "onga mshi" na mtu aliyemwona akilia kwa kuchapwa viboko, hana tena ukurugenzi. Kisha hufuata kumbukumbu: rimu ya gari iliyotundikwa mtini ikawa kengele, mchakamchaka wa alfajiri juu ya umande, miguu mitupu, ukungu wa Juni na Julai ulioingia darasani mpaka ubao usionekane, shamba la shule na kuni za mwalimu, bada ya jioni baada ya njaa ya mchana kutwa, na safari ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya Bumbuli akiwa amebebwa mabegani. Baada ya kumbukumbu huja habari: nani kafariki, barabara ipi imekatwa na mvua, maharage yanauzwaje, mtoto wa nani kaoa wapi.

Kuna watumishi wanaoyadharau mazungumzo ya namna hii, ati ni ukabila au ni kupoteza wakati. Dharau hiyo haina msingi. Mtu asiyejua habari za kijiji alikozaliwa hawezi kuandika taarifa yenye maana juu ya kijiji cha mtu mwingine, na ofisi nyingi zimejaa taarifa za aina hiyo. Tena Wasambaa tangu zamani waliigawa dunia pande mbili, Shambaai ya milimani na nyika ya tambarare. Kwa kipimo hicho cha wazee Dar es Salaam nzima ni nyika tu, na mtu aliye nyikani ana haki ya kuulizia habari za nyumbani.

Kasoro ya mikutano hii iko mahali pengine, katika orodha ya wanaoalikwa.

Chukua darasa la saba lenye watoto arobaini. Katika mkutano wa Dar es Salaam wa waliosoma pamoja hukuta watu watano, au saba, na wote wana jambo moja linalowaunganisha zaidi ya Mgwashi: walichaguliwa kwenda sekondari. Wengine thelathini na kitu wako wapi? Baadhi wamekufa, ni kweli. Lakini wengi wako hai, na hawakualikwa kwa sababu hakuna aliyewakumbuka kuwa nao ni wanadarasa. Watu hawa wanapotajwa hutajwa kama habari: "Fulani bado yuko kule." Wakati wote wanasimuliwa wao, na zamu yao ya kusimulia haifiki.

Jambo hili lina historia, na walimu wanaijua kuliko wengine. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa andiko la Elimu ya Kujitegemea, mojawapo ya makosa aliyoyashutumu ni elimu ya msingi iliyopangwa kwa ajili ya wachache watakaoendelea, ikiwaacha wengi wajione kuwa wameshindwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaamua kuwa kila mtoto aingie shule, na kufikia 1977 madarasa yalifurika hata katika vijiji ambavyo gari lilifika kwa nadra. Lakini sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, kati ya kila watoto mia waliomaliza darasa la saba nchini, waliopata nafasi katika sekondari za Serikali hawakufika kumi. Mtihani ule wa siku chache ulikuwa mlango mwembamba mno, na aliyeupita alipelekwa mbali, Tanga, Korogwe au mkoa mwingine kabisa, kwa nia njema ya kuwachanganya vijana wa taifa moja. Basi la kushuka Soni hadi Mombo lilimchukua mmoja likawaacha kumi na tano barabarani wakipunga mikono.

Hao waliobaki hawakukaa bure. Wapo waliochukuliwa papo hapo kuwa walimu, maana watoto walikuwa wengi na walimu waliosomea chuoni hawakutosha. Wakafunzwa vijijini huku wanafundisha, kwa masomo ya posta na ya redio, na nchi nzima ikawaita "walimu wa UPE", jina lililotamkwa kwa mzaha kidogo. Mzaha huo si wa haki. Maelfu ya watumishi wanaotia sahihi majalada leo waliishika kalamu kwa mara ya kwanza mbele ya mwalimu wa UPE. Wengine walishika jembe katika miteremko ambayo ekari moja hugawanywa na ndugu watano. Wengine waliingia katika chai. Na wapo, hasa wasichana, walioshuka nyika kwa njia nyingine: walikuja mjini kufanya kazi za ndani. Huenda msichana wa dawati la mbele, aliyekuwa akisahihisha hesabu za wenzake, alifua nguo kwa miaka kumi katika mtaa ule ule ambao mwenzake wa dawati la nyuma alipewa nyumba ya Serikali. Naye alitoka Mgwashi, naye anakumbuka rimu ya kengele. Kumtafuta ni kazi ndogo, lakini katika orodha nyingi za namna hii jina lake halimo.

Kwa sababu hiyo kumbukumbu za mkutano wa mjini huishia siku basi lilipoondoka. Baada ya hapo mahali pale hugandishwa kama picha ukutani: chemchemi ni zile zile, msitu ni ule ule, wazee ni wale wale. Msemaji mmoja husema kwa uchungu kwamba milima imeharibiwa, mwingine huitikia, na wote hukubaliana kuwa waliobaki hawakuitunza.

Hapa ndipo waliobaki wangekuwa na la kusema. Wasambaa wana maneno mawili ambayo hutumika katika kuupima utawala wowote: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Serikali ya Kiingereza ilipokuja na mpango wake wa matuta baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walilazimishwa kuchimba matuta katika miteremko mikali, na mzigo mkubwa wa jembe ukawaangukia wanawake. Wananchi walipinga, na mpango ukafa kabla ya Uhuru wa 1961. Kisha tangu mwaka 1981 ukaja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo wilayani Lushoto kwa msaada wa Wajerumani, nao ukahimiza kupanda majani ya gwatemala na miti katika mistari inayokingama na mteremko, ng'ombe akae zizini akatiwe majani hayo. Nani anajua ni mistari ipi iliyodumu, na ni ipi iliyong'olewa shamba lilipogawanywa mara ya tatu? Anajua yule wa darasa la saba ambaye hakuchaguliwa. Hiyo ni elimu, na ameisomea miaka arobaini.

Au liangaliwe suala la kiwanda cha chai cha Mponde. Mjini lilikuwa mada ya kuchangamsha kikao. Kiwanda kilifungwa mwaka 2013 katika mgogoro wa wakulima na wawekezaji, kikakaa miaka kadhaa bila kusindika jani, mpaka Serikali ilipokirudisha mikononi mwake na baadaye kukikabidhi kwa mifuko ya hifadhi ya jamii ili kifufuliwe. Kwa mstaafu wa Dar es Salaam, jambo hilo lilikuwa habari ya kusikitisha baina ya kikombe na kikombe. Mkulima wa chai wa Bumbuli alikuwa na hesabu nyingine. Chai haingoji. Jani lisipochumwa mti hurefuka ukawa pori, na likichumwa bila mnunuzi huozea kikapuni. Ilimpasa achague kung'oa au kungoja, naye hakujua angoje mpaka lini. Mwenye kutaka kuzungumzia Mponde kwa haki na amsikilize kwanza mtu huyo.

Itasemwa kwamba kila mahali duniani waliosoma pamoja hukutana, na waliofanikiwa ndio hujitokeza. Ni kweli. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilitoa watu waliojuana na kuaminiana, na Mwalimu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kujuana huko kulisaidia harakati zilizoizaa TANU mwaka 1954. Huko Kenya shule ya Alliance, iliyoanza mwaka 1926, ilikuwa na watu wake wengi katika baraza la kwanza la mawaziri. Lakini hizo zilikuwa shule za kuchagua. Waliokutana baadaye walikuwa wamekwisha kuchujwa kabla ya kuingia. Shule ya msingi ya kijijini haikumchuja mtu. Iliwaketisha pamoja mtoto wa mwenyekiti na mtoto wa mjane, Mwislamu na Mlutheri, kwenye benchi moja. Kuichukua shule ya namna hiyo na kuigeuza kilabu cha waliofaulu ni kuifanya iwe kitu ambacho haikuwa, na hapo darasa linakuwa tabaka.

Wapo wenye wasiwasi wa wazi zaidi: wakialikwa, watakuja kuomba. Baadhi wataomba, hakuna haja ya kuficha. Lakini na ihesabiwe pia jinsi wa mjini wanavyoomba. Nani humwangalia mama mzee usiku anapougua, kabla mtoto wake hajapata ruhusa kazini? Nani hupalilia makaburi? Nani huzuia mpaka wa shamba la urithi usisogezwe? Nani hupokea jeneza saa tisa ya usiku, kaburi likiwa limekwisha kuchimbwa? Madeni haya hayaandikwi katika daftari la michango, na kwa hiyo mtu wa mjini hujiona kuwa ndiye anayetoa siku zote.

Suala la michango nalo lina mafunzo yake. Kikundi cha mjini kikikubaliana kila mwanachama atoe kiasi fulani kila mwezi, mkulima amekwisha kufukuzwa bila kuambiwa, maana yeye hana mwisho wa mwezi, ana mavuno. Akiruhusiwa kutoa debe la maharage msimu wa kuvuna, atakuwa mwanachama kamili. Na kikundi hicho kikitaka kusaidia shule, kisianze kwa kununua kitu na kukipandisha mlimani kwenye lori huku picha zikipigwa. Tangu mpango wa elimu ya sekondari wa mwaka 2004, kata nyingi nchini zilijijengea sekondari zao, na mawe, mchanga na matofali vilibebwa na wananchi wa mahali hapo. Wengi kati ya waliobeba ni wale wale walioambiwa miaka ya 1980 kwamba hakuna nafasi. Walijenga kwa mikono yao mlango ambao wao wenyewe hawakufunguliwa, na tangu 2016 watoto wao wanaupita bila ada. Watu wa namna hiyo wanajua shule inahitaji nini. Wengine wamekaa katika kamati za shule kwa miaka. Wakiulizwa watasema, pengine, kwamba madawati yapo na linalotakiwa ni maji.

Mahali pa kuanzia pako wazi kwa kila mwalimu anayesoma ukurasa huu. Yako madaftari ya mahudhurio ya miaka ile, kama mchwa hawajayamaliza, katika kabati za walimu wakuu au katika stoo ya majembe. Yanakiliwe kabla hayajaoza, jina kwa jina, bila kuruka walioacha shule darasa la nne wala wasichana walioolewa kabla ya mtihani. Orodha hiyo ndiyo iwe orodha ya mwaliko. Mkutano wenyewe na ufanyike Mgwashi, siku isiyo ya gulio wala ya palizi, na wa kutoka Dar es Salaam ndio wapande mlima kwa nauli zao. Mwenyekiti wa kikao achaguliwe katika wale waliobaki. Atakayetaka kusimulia habari za rimu ya kengele asimulie, kisha aketi asikilize habari za miaka arobaini aliyokuwa hayupo. Na kwa kuwa ni nyingi, haitakuwa ziada kupanga siku mbili.