Daftari na Dawa

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani maneno haya yahusu duka tu. Walakini katika mkoa wetu wa Tabora yahusu uhai wa watu.

Njia ya misafara, itokayo Bagamoyo kupita Unyanyembe hata Ujiji, yatukumbusha. Mwaka 1871 Dakta Livingstone alifika Ujiji hali mgonjwa, akakuta vitu alivyopelekewa vimekwisha kuuzwa na yule aliyekabidhiwa. Mzigo ulifika, mwenyewe hakuupata.

Sasa tazameni Igunga. Mwaka 1996 wilaya ile ilikuwa ya kwanza katika Tanzania kujaribu Mfuko wa Afya ya Jamii. Kila nyumba iliyojiunga ilitoa fedha mara moja kwa mwaka, nayo Serikali ikaongeza kiasi kilekile, ndiyo iliyoitwa tele kwa tele, ili mtu auguapo atibiwe pasipo kulipa tena. Mwaka 2001 ikatungwa sheria, mfuko ukaenea. Shauri lilikuwa jema. Lakini mahali pengi watu hawakuendelea kulipa, na sababu mojawapo ni wazi: aliyetangulia kulipa alifika zahanati akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Nani atapenda kulipia homa moja mara mbili?

Zahanati huomba dawa kwa hesabu ya zilizotumika na zilizobaki. Hesabu ikiwa ya kubahatisha, au ikichelewa, dawa nazo zitakuja pungufu, au zitachelewa. Ni kweli, pengine fedha hukosekana, wala kosa si la karani peke yake. Lakini pasipo hesabu ya kweli hatuwezi hata kudai haki ya wagonjwa wetu.

Basi, wenzetu, msidhani ya kuwa kuponya ni kazi ya daktari na mwuguzi tu. Twawaomba mambo matatu. Daftari la dawa liandikwe siku ile ile. Masanduku yafunguliwe na kuhesabiwa mbele ya kamati ya zahanati. Na hesabu ya dawa zilizopo ibandikwe mlangoni, kila mtu aisome.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ahadi waliyopewa watu wa Igunga sasa imepewa nchi nzima. Bunge limekwisha kuandika lake. Lililobaki laandikwa na sisi, kila jioni, kabla ya kufunga ofisi.