Lemera ina majira yake, lakini picha zake ni za vita tu

Mtu akitafuta picha za Lemera kwenye intaneti, zaidi ataonyeshwa hospitali, askari na wakimbizi wenye magodoro kichwani. Si rahisi kuona ukungu wa Novemba unavyofunika migomba mpaka jua lipande, akina mama wanaoanika muhogo mwezi wa saba, au watoto wanaofukuzana na kumbikumbi mvua za kwanza zinaponyesha. Kwa anayeitazama kutoka mbali, Lemera ni mahali palipotokea jambo moja, siku moja, kisha maisha yakasimama.

Jambo lenyewe halifichiki, wala halipaswi kufichwa. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, na wagonjwa waliuawa vitandani pamoja na wahudumu wao. Daktari mkuu wa hospitali hiyo wakati ule alikuwa Denis Mukwege, ambaye mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi mjini Bukavu na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mwezi uleule wa Oktoba 1996, jina la Lemera liliwekwa kwenye mkataba ulioanzisha AFDL, muungano uliomwondoa Mobutu madarakani Mei 1997. Ndiyo maana jina la kijiji hiki cha milimani, katika usultani wa Bafuliiru, wilaya ya Uvira, limo katika vitabu vya historia ya dunia.

Lakini tangu asubuhi ile zimepita siku zaidi ya 10,000. Watu wamelima, wameoa, wamezika, wamejenga tena. Misimu imekuja na kwenda. Karibu yote hayo hayana picha iliyotunzwa mahali panapojulikana, na pengo hilo lina gharama kubwa kuliko inavyodhaniwa. Vijana wa Lemera, wa bonde la Ruzizi na wa Uvira, ambao wengi wana simu zenye kamera, wanapaswa kuanza kupiga picha za mambo ya kawaida, mahali palepale, majira baada ya majira. Faida ya kwanza si uzuri wa picha, ni ushahidi.

Anayeishi huku anajua kwamba mwaka una sura zake. Mvua hurudi Septemba, na maharagwe ya msimu wa kwanza hupandwa. Februari msimu wa pili huanza. Kuanzia Juni mpaka Agosti ni kiangazi: nyasi za milimani hugeuka rangi ya udongo, mioto ya nyika huonekana usiku kama mistari myekundu, na watu hushuka mabondeni ambako unyevu umebaki ili walime mboga na maharagwe ya msimu wa tatu. Matofali hufyatuliwa wakati huo, kwa sababu jua ni la bure.

Hata hewa hubadilika. Wakati wa kiangazi, moshi na vumbi hujaa juu ya bonde la Ruzizi, na mtu akisimama ufukweni Uvira milima ya Burundi hupotea kabisa kana kwamba ziwa halina ng'ambo. Ikinyesha mvua kubwa ya kwanza, kesho yake asubuhi milima ile imerudi, na mikunjo yake inahesabika. Ziwani nako kuna kalenda nyingine: usiku wa giza taa za wavuvi wa ndagala hung'aa kama mji juu ya maji, na mwezi mpevu ukitoka, taa hupungua kwa sababu samaki hawafuati taa vizuri kukiwa na mwanga.

Mambo haya kila mtu anayajua, na kwa sababu hiyo hakuna anayeyapiga picha. Simu hutolewa mfukoni siku ya harusi, siku ya kipaimara, siku ya msiba na siku ya risasi. Siku ya kawaida haionekani kuwa na thamani, mpaka itakapohitajika.

Ziwa Tanganyika lina mfano wa zamani wa jambo hili. Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji mpaka kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani badala ya kutoka. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876, aliona kitu ambacho mgeni wa mara ya kwanza asingekiona: miti mitatu aliyoiacha imesimama sokoni sasa ilikuwa ndani ya maji, kama mita 30 kutoka ukingoni. Ziwa lilikuwa limepanda. Miaka michache baadaye mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa kutolea maji ya ziwa hili, ulifunguka na maji yakashuka tena kwa mita kadhaa.

Habari ya miti ile ilitufikia kwa sababu mtu mmoja aliangalia mahali palepale mara mbili na akaandika. Wenyeji wa Ujiji waliiona miti hiyo kila siku, na bila shaka walijua zaidi ya Stanley, lakini walichojua kiliondoka pamoja nao. Mgeni ndiye aliyeacha maandishi, naye ndiye anayenukuliwa hadi leo.

Miaka 150 baadaye, jambo linalofanana limetokea mbele ya macho ya watu wenye kamera mfukoni. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilisababisha mito inayokatiza mji wa Uvira, ukiwemo Mulongwe, kufurika. Makumi ya watu walikufa na maelfu ya nyumba zikaharibika. Kisha ziwa lenyewe likapanda. Mwaka 2021 na tena mwaka 2024 maji yaliingia katika nyumba na barabara za pwani, upande wa Uvira na upande wa Gatumba na Bujumbura.

Picha za siku hizo za mafuriko zipo nyingi. Zinazokosekana ni za siku ya kabla. Mulongwe ulikuwa na upana gani mwezi Agosti 2015? Nyumba ya mwisho kabla ya ukingo ilikuwa wapi? Mtaa fulani wa pwani ulikuwa na mwembe, uwanja au kiwanja cha nani? Familia inayotaka kuthibitisha kwamba ilikuwa na nyumba mahali ambapo leo ni maji, mara nyingi ina karatasi iliyolowa au haina karatasi kabisa. Picha ya kawaida ya mtoto akisimama mlangoni, na mti wa jirani nyuma yake, ingeweza kusaidia. Haitachukua nafasi ya hati, lakini mbele ya wazee wa mtaa au ofisi ya ardhi inaweza kuwa na uzito kuliko maneno matupu.

Nako Lemera na vilima vinavyoizunguka, swali ni la udongo na miti. Kila mkulima anasema mvua zimebadilika na mteremko fulani umekatwa miti ya makaa. Anayemsikiliza anaweza kuamini au kukataa. Mteremko mmoja ukipigwa picha kila mwezi kwa miaka mitano, ubishi utakwisha. Itaonekana lini mvua ilichelewa, lini miti iliondoka, na korongo lilianzia wapi.

Jambo hili limeshafanyika katika milima ya nchi hii hii. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda milima ya Ruwenzori, kwenye mpaka wa Kongo na Uganda, akapiga picha za barafu ya vilele vyake. Leo watafiti na wapiga picha wakiziweka picha zile kando ya za sasa, hakuna anayehitaji kuelezwa kilichotokea. Barafu iliyofunika karibu kilomita za mraba 6.5 wakati wa Sella ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba mwanzoni mwa karne hii. Sella hakwenda kupima mabadiliko ya tabianchi, ila alifanya kazi yake vizuri na picha zikatunzwa.

Kutunzwa ndiko kugumu zaidi. Kongo imepigwa picha sana tangu enzi za ukoloni, lakini sehemu kubwa ya picha hizo iko katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Msanii wa Lubumbashi, Sammy Baloji, alipotengeneza mfululizo wake uitwao Mémoire mwaka 2006, aliweka picha za zamani za wafanyakazi wa migodi juu ya picha mpya za viwanda vilivyochakaa. Kazi ile iliwagusa watu kwa sababu kampuni ya madini ilikuwa imeacha hifadhi ya picha. Mkulima wa Lemera hakuwa na kampuni ya kumtunzia picha. Akitaka kufanya kama Baloji mwaka 2040, atatumia nini?

Wapo watakaosema kwamba watu wenye njaa na wanaokimbia risasi hawana nafasi ya kupiga picha za ukungu. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Ni kweli hakuna picha inayojaza sufuria. Lakini wanaokimbia ndio wanaopoteza kila kitu, na wengi wao hujikuta miaka baadaye wakiwaeleza watoto waliozaliwa kambini kwamba nyumbani kulikuwa na mto, na kando ya mto kulikuwa na soko. Mtoto husikiliza kwa adabu, lakini hana cha kuona. Na akitafuta mwenyewe kwenye simu, analetewa kaburi la mwaka 1996. Si haki mtoto amjue babu yake kwa siku aliyouawa peke yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni usalama. Katika eneo lenye makundi ya silaha, kamera huleta mashaka. Kupiga picha daraja, bandari, kituo cha mpaka au kambi ya askari kunaweza kumgharimu mtu simu yake, au zaidi ya simu. Tena, simu nyingi huandika ndani ya picha mahali na saa ilipopigwa. Maelezo hayo ni hazina kwa mtunza kumbukumbu, lakini ni hatari kwa mtu aliyejificha. Kwa hiyo kanuni lazima ziwe wazi: mti, mto, shamba, ufuko na anga kwanza, uso wa mtu kwa ruhusa yake tu, wenye silaha na maeneo yao, hapana. Mama anayeuza sombe sokoni si mapambo ya mtu. Aulizwe, na akikubali apewe nakala yake.

Kazi yenyewe haihitaji mradi wa mamilioni. Shule moja ya sekondari inaweza kuchagua sehemu tano: kivuko cha mto, mteremko, uwanja wa soko, shamba na, kwa walio Uvira, alama moja ufukweni kama jiwe au ukuta. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, mwanafunzi anasimama palepale, anaelekeza simu upande uleule, anapiga. Anaandika katika daftari tarehe, saa, mahali na hali ya hewa. Gharama ni chaji ya simu, ambayo hata milimani hupatikana kwenye sola ya sokoni.

Jambo moja la kiufundi lizingatiwe. Picha inayorushwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupoteza maelezo ya tarehe na mahali. Ndiyo sababu picha ya mafuriko ya mwaka mmoja huzunguka mwaka mwingine kama habari mpya. Picha za kumbukumbu zitumwe kama faili, zihifadhiwe sehemu mbili tofauti, na nakala moja iwe mbali na eneo la vita. Zile muhimu zichapishwe, zikiandikwa tarehe nyuma. Simu hupotea, huibwa na hufa. Karatasi kavu katika kabati la parokia au la redio ya jamii imeokoa mengi.

Ofisi ya wilaya, shule, makanisa na vyama vya raia havina kisingizio hapa. Vyuo vya Uvira na Bukavu vina wanafunzi wa mazingira na wa historia wanaotafuta mada za kuandikia kila mwaka. Wenye studio ndogo kando ya barabara, wanaoishi kwa picha za pasipoti na harusi, wana mashine za kuchapia na ujuzi wa kufundisha. Hawa wote wakikaa meza moja, wilaya ya Uvira inaweza kuwa na hifadhi yake kabla ya masika mawili kupita.

Oktoba 6 itaendelea kukumbukwa Lemera, na inastahili. Lakini Oktoba 7 nayo ina haki yake. Mvua imeshaanza, maharagwe yameota majani mawili, na mto uko mahali fulani kwenye ukingo wake. Aliye karibu autoe simu, apige, aandike tarehe.