Springi haijui kilo zako

Ukiiacha barabara ya Machakos kwenda Wote pale Kola na kushika njia za vumbi za milimani, pikipiki iliyodidimia nyuma itakutia taabuni. Gurudumu la mbele huwa jepesi, nawe hupitiliza kwenye kona. Usiku nayo taa humulika matawi ya miti badala ya njia!

Wengi hulaumu shokabzoba, kumbe springi haikutegwa kwa uzito wao. Kipimo ni rahisi. Inueni pikipiki hadi gurudumu la nyuma lining'inie, kisha mpime kwa tepu kutoka ekseli hadi alama iliyo juu yake, karibu na kiti. Sasa keti, ukiwa na helmeti na mzigo wako wa kila siku, mwenzako apime tena. Tofauti iwe yapata theluthi ya masafa ambayo gurudumu hilo huweza kupanda na kushuka: kama ni milimita 240, ididimie 80 hivi. Ikizidi, kaza pete ya springi, ikipungua, legeza.

Ila kukaza pete hakuifanyi springi kuwa ngumu, hata fundi wako akiapa. Huinua kiti tu. Iwapo umekaza hadi kipimo kikatimia, na pikipiki ikiwa peke yake haididimii hata kidogo, springi hiyo ni dhaifu kwako. Tafuta nyingine.

Na ukimpakia mama watoto, pima naye akiwa ameketi. Kilo zake usimwulize, tepu itakwambia.