Kidato cha nne kimeisha, sasa usilale

Wadogo zangu wa Kakuma, hongereni kwa kumaliza KCSE. Lakini niwaambie ukweli: njia ya kwenda chuo, wengi wetu tunaangushwa na karatasi, hata alama zikiwa nzuri.

Mimi alama za kuomba skolashipu nilikuwa nazo. Siku ya kupeleka fomu, jina kwenye cheti likawa na herufi moja tofauti na karatasi yangu ya ukimbizi. Nikaambiwa nirekebishe kwanza. Kabla sijamaliza, muda ukaisha. Huu mwaka wa tatu, bado niko hapa najitolea.

Kwa hiyo usingoje matokeo. Leo hii linganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye kila karatasi. Fungua barua pepe yako mwenyewe, si ya rafiki. Piga picha vyeti, vihifadhi humo. Na usitegemee DAFI peke yake. Ipo tangu 1992, imesomesha wengi, lakini nafasi ni chache na sisi ni wengi. Omba pia vyuo vya ufundi na masomo ya mtandaoni.

Nanyi ndugu wa mashirika, UNHCR inataka ifikapo 2030 wakimbizi 15 kati ya kila 100 wa umri huo wawe chuoni. Vizuri sana. Basi matangazo yabandikeni mapema, maana herufi moja inaweza kula miezi.

Jumamosi nipo maktaba. Njooni na karatasi zenu tuzisome pamoja, herufi kwa herufi.