Mpiga Tarumbeta Ajifunze Biashara Kabla ya Kuvua Sare

Hakuna sherehe ya taifa hapa Uganda inayotimia bila bendi ya jeshi au ya polisi. Vijana wetu wamefunzwa kusoma noti, kutunza vyombo na kufika kwa wakati. Hiyo ni elimu kubwa, ambayo wanamuziki wengi wa mitaani hawakubahatika kuipata.

Lakini siku ya kustaafu tarumbeta hurudishwa bohari, kwa kuwa ni mali ya serikali. Anachotoka nacho askari ni ufundi wa midomo na vidole vyake. Je, ufundi huo utamlisha yeye na watoto wake? Jibu letu ni kwamba utamlisha, iwapo atakuwa amejifunza jambo ambalo gwaride halifundishi, nalo ni biashara.

Askari aliye kazini hana haja ya kupatana bei. Mshahara huja mwisho wa mwezi, na gari la kikosi humfikisha uwanjani. Uraiani mambo ni mengine. Tuchukue mfano wa mstaafu aliyeitwa kupiga harusini kwa shilingi 600,000. Akikodi spika na gari kwa 250,000, na wenzake watatu akiwapa 80,000 kila mmoja, kinachobaki mkononi ni 110,000 tu. Asiyeandika hesabu hiyo daftarini atajiona ana laki sita, naye atazitumia kama laki sita. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la pili ni sheria. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006 ilitamka kwamba kazi iliyotungwa chini ya maagizo au usimamizi wa serikali ni mali ya serikali, isipokuwa pawepo makubaliano mengine. Basi wimbo ambao askari ametunga kwa amri ya kikosi asitegemee kuuchukua uraiani na kuuuza. Ule alioutunga kwa faragha yake, kwa wakati wake, auandike, autie tarehe, na auandikishe kwa jina lake katika ofisi ya serikali inayohusika.

Tunao mfano ambao kila askari huupigia saluti. Wimbo wetu wa taifa ulitungwa na marehemu George Kakoma, ukapokewa mwaka 1962. Miaka mingi baadaye mzee huyo alikwenda mahakamani kudai malipo ya mtunzi, naye alifariki mwaka 2012. Si kazi yetu kuhukumu shauri hilo. Funzo tunalolichukua ni kwamba habari za umiliki na malipo huzungumzwa na kutiwa sahihi kabla ya wimbo kutoka mkononi, si baada ya mtunzi kuzeeka.

Ndugu askari, mazoea ya kazi yenu ndiyo mtaji wa kwanza. Bendi ya Afrigo iliundwa mwaka 1975 na ikaendelea kupiga kwa zaidi ya miaka 40. Bendi haidumu hivyo kwa sauti tamu peke yake. Ni lazima awepo mwenye kupanga safari, kutunza vyombo, kugawa fedha kwa haki na kuweka akiba. Kazi hizo nyinyi mnazifahamu. Kilichobaki ni kuzigeuza ziwe biashara yenu.

Tunatoa wito kwa wakuu wa bendi watenge japo saa moja kwa juma, wapigaji wafundishwe kuandika hesabu, kusoma mkataba na kupanga bei. Nao askari wasisubiri. Anayetaka tarumbeta lake mwenyewe aanze leo kuweka akiba kidogo kidogo. Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi viliundwa ili askari aweke akiba na kukopa kwa heshima. Na anayetaka kupiga nje ya kazi akiwa bado katika sare, aombe kwanza idhini ya mkuu wake, kwani biashara iliyoanza kwa kuvunja nidhamu haifiki mbali.

Taifa limetumia fedha na miaka kumfundisha askari huyu muziki. Itakuwa hasara yetu sote akiishia kukaa barazani huku ufundi wake ukiota kutu. Chombo na kirudi bohari. Elimu aende nayo nyumbani.