Pesa imefika, taarifa imepotelea njiani

Leo nataka tuongee na mafundi wa programu wanaojitegemea, hasa wa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Kuna ishu inawaharibia watu jina kimyakimya: mteja anakatwa hela, lakini mfumo wa kijana unasema "hujalipa".

Tuseme mama yuko Nansio, Ukerewe, analipia dagaa kwa mfanyabiashara wa Mwaloni, Kirumba, kupitia mfumo uliotengenezwa na kijana wa Nyegezi. Anapiga menyu ya nyota, anaweka namba ya siri, hela inatoka. Hapo hajatumia intaneti hata kidogo. Ila habari kwamba amelipa, kampuni ya malipo inaituma kwa intaneti mpaka kwenye seva ya kijana. Ujumbe huo ndio mafundi wanauita webhuku. Yaani hela inapita barabara yake na habari ya hela inapita yake, na hiyo ya pili ndiyo yenye mashimo.

Na mashimo tumeyaona. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, intaneti Tanzania ikayumba siku kadhaa. Halafu 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima, ikaanza kurudi 3 Novemba. Sasa kampuni iko Dar, seva umekodi Ujerumani kwa sababu ya bei... webhuku ipite wapi? Tena si lazima yawe makubwa hivyo. Seva ikizima dakika kumi tu inatosha.

Je, watakutumia tena? Stripe ya Marekani hujaribu tena na tena hadi siku 3. Hawa wa kwetu kila mmoja ana utaratibu wake, kwa hiyo kabla hujasaini uliza: mnarudia mara ngapi, na kwa muda gani? Akianza kuzungukazunguka, jibu umeshalipata.

Upande wa fundi nako kuna uzembe. Wengi wanapokea ujumbe, wanausoma, wanabadili oda kuwa "imelipwa", ndipo wanajibu. Kitu kikigoma katikati, ujumbe umekwenda na nakala hakuna. Geuza: hifadhi kwanza ujumbe mzima kama ulivyokuja, herufi kwa herufi, pamoja na saa ulioingia, jibu 200 haraka, kazi nyingine ifuate. Nasema herufi kwa herufi kwa sababu kampuni nyingi zinazoweka sahihi ya siri huipiga hesabu juu ya ujumbe mbichi, ukiongeza hata nafasi moja inakataa. Hiyo sahihi ihakiki pale pale mlangoni, usiruke, maana anayeijua anwani yako anaweza kukutumia "umelipwa" ya uongo, kama zile meseji feki ambazo wenye maduka wanazijua vizuri tu.

Ukiwa na nakala, siku ukirekebisha kosa unaziendesha tena zile zilizokwama. Hapa ndipo pa kuwa makini, jamani! Usipoangalia, yule mama anapelekewa magunia mara mbili kwa malipo ya mara moja, na tofauti utalipa wewe. Namba ya muamala iwe ya kipekee kwenye hifadhidata, ikija tena mfumo useme "hii ninayo" na unyamaze. Na kuandika namba hiyo na kubadili oda vifanyike kwa pamoja, ama vyote vifaulu ama vyote vishindwe.

Kuna wanaodhani wakishakuwa na logi wamemaliza kazi. Hapana. Logi inarudia kile kilichofika. Kile kilichopotea wakati waya umekatika hakimo kabisa, hivyo kila usiku linganisha oda zako na taarifa ya miamala ya kampuni ya malipo. Inachosha lakini mimi sioni njia ya mkato.

Halafu logi hiyo ina namba za simu za watu, wakati mwingine na majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na haikuhusu benki pekee. Jamaa anafungua logi hapa kafe, anaacha faili kwenye kompyuta, anaondoka zake... duh.

Tangu M-Pesa iingie Tanzania mwaka 2008 ushahidi wetu umekuwa meseji. Mama anayo kwenye simu yake, kampuni ina kumbukumbu zake. Mfanyabiashara wa Mwaloni hatakuuliza habari za waya wa baharini, atakuuliza hela yangu iko wapi, tena mbele za watu. Mwenye logi anamfungulia pale pale: ujumbe uliingia saa 4:12 usiku, au haukuingia kabisa, twende kwa waliotakiwa kuutuma. Asiye nayo anaitwa mwizi.