Anwani za intaneti zisigeuke nyarubanja mpya

KATIKA vijiji vya Kanazi, kama ilivyo Bukoba na Muleba kwa ujumla, hakuna asiyejua yanayotokea kibanja cha babu kinapogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Migomba na mibuni ni ile ile, lakini kila mmoja hubaki na kipande kisichomtosha. Hali kama hiyo imezikumba anwani za intaneti. Tanzania isipochukua hatua, watakaoumia si mabingwa wa kompyuta wa Dar es Salaam peke yao, bali pia mkulima wa kahawa na mwenye duka.

Kila kifaa kinachoingia kwenye intaneti, iwe simu, kompyuta au mashine ya risiti za kodi, huhitaji namba ya kukitambulisha. Bila namba hiyo, taarifa zinazotumwa hazijui ziende wapi. Mfumo wa zamani wa namba hizo, unaoitwa IPv4, ulianza kutumika mwaka 1983 na una nafasi ya anwani bilioni 4.3 tu. Wakati ule idadi hiyo ilionekana haiwezi kwisha. Leo dunia ina watu zaidi ya bilioni 8, na wengi wao wana kifaa zaidi ya kimoja.

Tatizo si uchache peke yake, bali pia namna anwani zilivyogawanywa. Waliowahi walipewa maeneo makubwa bure. Chuo cha MIT cha Marekani, kwa mfano, kilipata anwani milioni 16.7, na kampuni ya magari ya Ford ikapata idadi kama hiyo. Mwaka 2017, MIT ilitangaza kuwa anwani milioni 14 kati ya zake hazijawahi kutumika, na ikaanza kuziuza.

Wazee wa Kihanja hawahitaji kuelezwa zaidi. Chini ya nyarubanja, mtu aliyependelewa na Mukama alimilikishwa ardhi kubwa, na waliokuwa wakiilima wakageuka wapangaji wa kulipa kodi na kutoa utumishi. Ilibidi sheria za miaka ya 1960, baada ya Uhuru, ziuondoe utaratibu huo. Kwenye intaneti hakuna Bunge la dunia la kufanya kazi hiyo.

Februari 3, 2011, ghala kuu la dunia liligawa mafungu matano ya mwisho ya anwani za zamani, fungu moja kwa kila kanda. Mwaka huo huo Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka kampuni ya Nortel iliyofilisika, kwa dola za Marekani milioni 7.5. Hiyo ni zaidi ya dola 11 kwa kila anwani, kitu ambacho waliotangulia walikipata bila malipo. Tangu hapo soko la kuuza na kukodisha anwani limekua.

Afrika ilichelewa kuingia, hivyo akiba yake ilidumu zaidi. Mgawaji wake ni AFRINIC, asasi yenye makao makuu Ebene, Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Kuanzia mwaka 2017 iliingia katika hatua ya kubana matumizi, na tangu Januari 2020 ombi moja haliwezi kupata zaidi ya anwani 1,024. Kwa kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja, hicho ni kibaba kwenye karamu ya harusi.

Akiba hiyo nayo haikulindwa vizuri. Ukaguzi wa AFRINIC uliotolewa Januari 2021 ulionyesha kuwa anwani zaidi ya milioni 2 zilikuwa zimechukuliwa kwenye ghala lake isivyo halali. Mwaka huo huo asasi hiyo ilitaka kurejesha anwani zipatazo milioni 6 ilizoigawia kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Shelisheli, ikidai kuwa matumizi yake yalikwenda kinyume cha makubaliano. Kampuni hiyo ilipinga na kwenda mahakamani. Akaunti za benki za AFRINIC zilizuiwa kwa muda, na mwaka 2023 mahakama ikaiweka chini ya msimamizi. Bodi mpya ilipatikana kwa uchaguzi wa Septemba 2025.

Mkulima wa Kanazi anaweza kuuliza: haya yananihusu nini, wakati simu yangu inafanya kazi? Inafanya kazi kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wengi wanaotumia sanduku moja la posta. Kwa kusoma habari au kutuma picha, mpango huo unatosha.

Hata hivyo, una gharama zake. Mpangaji mmoja akifanya utapeli na tovuti ikaifungia anwani ile, wenzake wasio na hatia nao hufungiwa. Polisi wakimtafuta mwizi wa mtandaoni, anwani peke yake haiwaonyeshi ni nani kati ya wengi. Aidha, chama cha msingi kinachotaka wanachama wake wasome hesabu za kahawa moja kwa moja kutoka kompyuta ya ofisini hakiwezi kufikiwa kutoka nje, mpaka kilipie anwani yake chenyewe au kikodi huduma kwa mwingine. Wakati huu ambapo mazao kama korosho na ufuta yanauzwa kwa minada ya mtandaoni, na risiti za kodi zinatumwa kwa mtandao, hilo si jambo la anasa.

Dawa ipo. Mfumo mpya wa IPv6 una anwani nyingi kiasi kwamba kila kifaa duniani kinaweza kupata yake na nyingine zikabaki. Huo ni mfano wa rweya, ile nyika iliyo nje ya vibanja. Wahaya wanajua kuwa rweya haizai bila samadi, lakini wanajua pia kuwa vibanja vingi vilianzia huko.

Ni kweli kwamba kuhama kuna gharama. Mfumo mpya hauongei moja kwa moja na wa zamani, hivyo kampuni hulazimika kuendesha yote miwili kwa miaka kadhaa na kufundisha mafundi wake. Lakini India imeonyesha kuwa inawezekana. Kampuni ya Jio ilipoanza huduma zake mwaka 2016, ilijengwa juu ya mfumo mpya, na leo zaidi ya nusu ya watumiaji wa intaneti wa nchi hiyo wanautumia. Watanzania nao wanakumbuka namba za simu za 0744 zilivyogeuka 0754, na za 0748 zikawa 0784. Watu walilalamika, wakazoea, biashara zikaendelea.

Habari njema ni kwamba mkulima hatakiwi kununua simu nyingine, kwani simu nyingi za miaka ya karibuni zinaujua mfumo mpya. Kazi iko kwa kampuni zinazotoa huduma, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, inapaswa kuzipa muda maalumu wa kuukamilisha. Serikali na halmashauri zisinunue vifaa wala huduma ya intaneti isiyo na IPv6. Vyama vya msingi, SACCOS na shule nazo ziulize swali hilo kabla ya kusaini mkataba wowote wa intaneti, maana mteja asiyeuliza huuziwa kilichopo.

Kuendelea kugombea mabaki ya anwani za zamani ni kukubali kulipa kodi kwa waliowahi. Nyarubanja ya ardhi ilichukua vizazi kadhaa kuondolewa, na waliolipa gharama yake ni wakulima. Safari hii ardhi mpya iko wazi na haina mwenyewe. Kinachotakiwa ni kuilima mapema.